Nani Ambebe? Malezi ya Watoto Wenye Mahitaji Maalum Kisauni
(Mhadhara wa umma, Kiembeni)

Nina jambo moja tu leo. Tunapojisifu kwamba tunamsaidia mtoto mwenye ulemavu, mara nyingi tumemwachia mamake ambebe mpaka ulipo msaada. Nataka msaada ndio utembee.

Mombasa haijakosa shule. Wasioona wana shule Likoni, viziwi wana Ziwani, wenye ulemavu wa viungo wana Port Reitz, na wenye mtindio wa ubongo wana Tom Mboya. Ila kwa mkazi wa Kiembeni, zote ziko ng'ambo ya maji. Lazima uvuke daraja la Nyali uingie kisiwani; wa Port Reitz apitilize hadi Changamwe, wa Likoni akapange foleni ya feri. Mtoto mkubwa asiyeweza kukaa mwenyewe hupakatwa kwenye tuktuk, kisha kwenye matatu, na utingo akikiona kiti cha magurudumu hukidai nauli kama gunia. Mazoezi ya viungo ya nusu saa yanakula siku nzima, na anayeishi kwa kibarua siku hiyo halipwi. Mwishowe anaacha kwenda. Faili litaandikwa kwamba mzazi hakurudi.

Na mzigo wa mama si safari tu. Mtafiti Joseph Gona na wenzake waliwasikiliza walezi wa watoto wenye ulemavu huko Kilifi, wakachapisha utafiti wao mwaka 2011. Walezi walisimulia msongo, unyanyapaa na kukataliwa. Wapo wasemao ulemavu wa mtoto ni jini, ama ni mkosi wa upande wa mke (sijui kwa nini haiwi kamwe upande wa mume). Lakini mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya uchanga isiyotibiwa, malaria iliyopanda kichwani: haya huumiza ubongo, nayo hayachagui ukoo.

Sasa tuingie jikoni. Mtoto wa mtindio wa ubongo akilishwa amelala chali, kichwa kimeanguka nyuma, uji huweza kuingia njia ya hewa, na nimonia inayorudi kila mara hutokana na hapo. Mketishe wima, kidevu kiinamie kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kije kutoka mbele, usawa wa mdomo. Umsubiri ameze. Ili akae hivyo anahitaji kiti kinachomshika kiunoni na kifuani, nacho si lazima kiagizwe ulaya. Upo ufundi uliotokea Zimbabwe: maboksi ya dukani hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, hukandamizwa, huanikwa hadi yawe magumu kama ubao, kisha kiti huundwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe. Maboksi Kiembeni hayajawahi kuadimika. Mikono pia ipo: hapo Bombolulu, tangu 1969, mafundi wenye ulemavu wanaunda vito, nguo na vinyago. Kina baba wa mtaa huu nao wanaweza kufundishwa. Jumamosi ni ndefu.

Kuna fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali, kwa wenye ulemavu mkali, Sh2,000 kwa mwezi. Ondoa nauli, ondoa nepi, kisha mniambie kilichobaki.

Je, msaada unaweza kutembea? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya taifa elimu maalum, likazikabidhi kaunti zahanati, chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuja zahanati iliyo karibu nasi siku moja kwa wiki hakuhitaji ruhusa ya Nairobi. Kunahitaji fungu katika bajeti ya kaunti, na vikao vya wananchi kutoa maoni juu ya bajeti hiyo ni haki ya kila mkazi. Nendeni, na watoto muwabebe. Mkikuta ukumbi una ngazi tupu, hilo ndilo liandikwe kwanza kwenye kumbukumbu za kikao.