Gari Lizimikapo Ghafula Njiani

Nimetakiwa kunena maneno machache juu ya gari lizimikalo ghafula safarini. Huenda mtu akadhani kuwa jambo hili ni la dreva na fundi tu. Lakini vijijini gari moja hubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, magunia ya mahindi na vitabu vya skuli, na fundi yu mbali. Basi yafaa kila msafiri ajue kidogo.

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: petroli, hewa, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Kwa hiyo angalieni jinsi ilivyokufa. Ikizimika mara moja, kama taa iliyopulizwa, aghalabu kosa li katika umeme. Ikikohoakohoa na kupoteza nguvu mlimani kabla ya kufa, tazameni njia ya petroli. Papo hapo usukani huwa mzito, na breki hukaza baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Kwa hiyo dreva akanyage mara moja kwa nguvu, asipigepige, wala asichomoe ufunguo kabla gari halijasimama, maana usukani waweza kujifunga.

Kisha ajaribu taa na honi. Vyote vikiwa kimya, afunue betri: mara nyingi waya umelegea, au umeota ukoga mweupe. Ukisuguliwa na kukazwa, safari huendelea. Fyuzi ikiungua, itiwe nyingine ya namba ile ile. Wako watiao kipande cha waya badala yake; hao wanatafuta moto, nao wataupata.

Taa zikiwaka, fungueni kifuniko cha tangi. Mkisikia hewa ikivuma kuingia, na gari likakubali kuwaka, basi tundu la hewa lilikuwa limeziba, na petroli haikuweza kutoka. Ni jambo dogo, lakini laweza kuwalaza watu porini! Katika magari mengi ya siku hizi pampu imo ndani ya tangi, nayo hunguruma kama sekunde mbili ufunguo ugeuzwapo. Isiponguruma, fyuzi yake itazamwe kwanza. Gari la zamani lenye kabureta huweza kufa kwa joto, petroli ikichemka bombani. Kitambaa cha maji juu ya pampu, na subira, aghalabu hutosha.

Neno moja nalisema kwa ukali. Mtu asiwashe kibiriti kutazama kama petroli imo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hata ukaufikia moto ulio mbali. Huko Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kukinga petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi 100.

Na mawe mliyoweka nyuma ya magurudumu, yaondoeni barabarani kabla ya kushika njia. Dreva ajaye usiku hana habari nayo.