Meza Moja, Kazi Mbili: Kuchagua Meza ya Msumeno na Ruta kwa Karakana Ndogo

(Mada iliyotolewa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Nimepewa dakika ishirini, na nimekwisha onywa kwamba pilau iko tayari, kwa hiyo sitazunguka mbuyu.

Kama mnavyofahamu, kamati imepokea ombi la wenzetu wanaotengeneza vigoda, fremu za picha, meza ndogo na makabati ya jikoni. Wanaomba mkopo wa mashine. Mawazo yamekuwa mawili. Wapo wanaosema tununue mashine kubwa ya mtumba, ile ya chuma cha kumimina yenye mota ya fezi tatu. Na wapo wanaosema tununue meza ndogo ya kubadilisha vipande, inayobeba msumeno wa umeme na ruta kwa zamu. Mimi niko upande wa meza ndogo, nasema wazi tangu sasa. Lakini niko huko kwa masharti, na masharti hayo ndiyo mada yangu.

Kwanza tuelewane maneno. Ninaposema ruta sisemi kile kidude cha intaneti. Ruta ya seremala ni mashine ya mkono yenye biti inayozunguka kwa kasi kubwa sana, mizunguko elfu kumi hadi elfu ishirini na zaidi kwa dakika. Ndiyo inayochonga mfereji wa kuingizia kioo cha kabati, ndiyo inayotoa ukingo wa duara kwenye meza mtoto asije akajiumiza. Ukiishika mkononi wewe unaipeleka kwenye ubao. Ukiipindua na kuifunga chini ya meza, ubao ndio unaoifuata, na hapo mikono miwili inakuwa huru kushika vipande vidogo. Msumeno wa duara nao ni hivyo hivyo.

Sasa meza ninayoisema ni fremu moja yenye uwazi katikati. Sahani moja inashika msumeno, sahani nyingine inashika ruta. Unatoa hii, unaweka ile. Wazo lenyewe si geni. Huko Australia bwana mmoja aitwaye George Lewin alibuni meza ya namna hiyo miaka ya 1970, akaiita Triton. Wajerumani wa Festool wana mfumo wao unaoitwa CMS, mzuri sana, na bei yake nayo ni ya Kijerumani. Siku hizi zipo za makampuni mengi, nzuri na mbovu, na kwenye picha zote zinang'aa sawa.

Kwa nini siungi mkono ile mashine kubwa? Si kwamba ni mbaya. Kwa kupasua mninga wa inchi tatu kutwa nzima hakuna kinachoishinda. Lakini tazameni wenzetu wanafanyia kazi wapi. Ni uani, chini ya bati, na jioni mbao zinaingizwa ndani ili gari la baba mwenye nyumba lipite. Mashine ile ikishakaa haihami, na umeme wa fezi tatu hapo uani haupo. Kuuvuta ni gharama nyingine, na fundi wa umeme hatangojea mpaka mgawo wetu wa mwisho wa mwaka. Tena mbao nene tunapasuliwa kule kule tunakonunua, kwenye yadi, kwa malipo ya kawaida. Kazi inayobaki nyumbani ni kunyoosha, kukata kwa kipimo na kuchonga. Hiyo ni kazi ya meza ndogo.

Haya, tuingie kwenye masharti.

Sharti la kwanza ni swichi, na hapa naomba utulivu kidogo hata kule nyuma. Sote tunajua umeme wetu. Unakatika fundi akiwa katikati ya ubao. Anafanya nini? Anaacha, anainama kutoa kile kipande kilichobaki kwenye bledi, mara umeme unarudi. Kama swichi ni ya kawaida, msumeno unaanza kuzunguka wenyewe, na mkono uko pale pale. Fundi mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi jirani alipoteza vidole viwili hivyo hivyo, mchana kweupe, na alikuwa fundi hodari kuliko mimi. Msumeno wake wa mkono ulikuwa umefungwa chini ya meza ya kujitengenezea, na kibonyezo kimekazwa kwa mpira wa baiskeli ili kisiachie.

Kwa hiyo meza tutakayonunua lazima iwe na swichi yake yenyewe, mbele, mahali ambapo goti au kiganja kinaifikia upesi, na iwe ya aina ambayo umeme ukikatika inajizima na haiwaki tena mpaka ubonyeze. Kuijaribu ni rahisi. Washa mashine dukani, chomoa plagi ukutani, ngoja, kisha chomeka tena. Ikianza kuzunguka yenyewe, rudisha, hata kama wamepunguza bei kwa nusu. Muuza duka akikataa kukuruhusu kufanya jaribio hilo, basi amekwisha kujibu.

Pamoja na swichi nataja kisu cha nyuma. Ni bamba jembamba linalosimama nyuma ya bledi, sawa na njia yake. Mbao zetu, hasa zile za paini ambazo hazijakauka vizuri, zikipasuliwa zina tabia ya kujibana. Zikiibana bledi kwa nyuma, meno yanayopanda juu yanaunyanyua ubao na kuurusha kwa aliyesimama mbele, tumboni au usoni. Kisu hicho kinazuia ubao usijifunge. Mafundi wengi hukivua siku ya kwanza kwa sababu wanaona kinasumbua. Mimi ningependekeza kamati iandike kwenye fomu ya mkopo kwamba kikivuliwa, mashine inarudi kwa mtunza mali. Mtanicheka, lakini tumeandika mambo madogo kuliko hilo kwenye katiba yetu.

Sharti la pili ni chuma cha mwongozo, kile ambacho ubao unateleza kando yake. Meza nyingi za bei rahisi zinafia hapa. Mwongozo ukikazwa mbele, nyuma unacheza. Matokeo yake mlango wa kabati unakuwa mpana juu kuliko chini, na mteja hana haja ya rula kuliona hilo. Namna ya kupima ni hii. Chomoa plagi. Weka alama ya chaki kwenye jino moja la bledi. Pima kutoka jino hilo hadi kwenye mwongozo likiwa upande wa mbele. Zungusha bledi kwa mkono jino lile lile lifike nyuma, pima tena. Tofauti ikizidi nusu milimita, legeza na ukaze upya. Ukifanya mara tatu na kila mara inatoka vingine, hiyo meza haikufai. Halafu laza rula ya chuma juu ya meza, ipite juu ya ile sahani ya kubadilisha. Sahani isizame wala isichomoze, maana ubao utakwama pale kila siku ya maisha yako.

Kuhusu kina cha kukata, nendeni na kipimo, msiende na maneno. Msumeno wa bledi ya milimita 190 kwa kawaida hukata kama milimita 65 ukiushika mkononi. Ukiufunga chini ya meza, unene wa sahani unakula sehemu ya kina hicho. Ubao wa inchi mbili ni karibu milimita 51, kwa hiyo bado unapita. Misumeno midogo ya bledi ya milimita 160 mingi yake hukata karibu 55 mkononi, na chini ya meza inaweza ikashindwa kuumaliza ubao huo huo wa inchi mbili. Kwa anayetengeneza fremu tu haina neno. Kwa anayetengeneza vigoda, miguu yake itamsumbua. Na nunueni bledi mbili: ya meno 24 kwa kupasua, ya meno 40 au 48 kwa kukata mkingamo na kwa plaiwudi.

Biti za ruta nazo zina mtego wake. Madukani kuna za shina la milimita 6, za 8, za robo inchi, za 12 na za nusu inchi. Robo inchi ni milimita 6.35. Biti ya milimita 6 ukiitia kwenye kishikio cha robo inchi inaonekana kama imeshika, lakini haijashika, na kwa mizunguko elfu ishirini haitakaa. Amueni kipimo kimoja, nunueni ruta na biti za kipimo hicho, basi. Na biti kubwa, za upana wa kiganja cha mtoto, zinataka kasi ndogo, kwa hiyo ruta iwe na kitufe cha kupunguza mwendo.

Sasa umeme na mtumba. Soketi zetu na zile plagi za miguu mitatu ya mraba zina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Msumeno wa wati 1,400 unakunywa ampea 6 hivi, hauna tatizo. Lakini ukiweka msumeno, pasi na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja nyembamba, usilaumu mashine ikiungua. Kama waya uko kwenye kibiringo, ufungue wote kabla ya kazi, maana ukibaki umezongwa unapata joto. Na wale wanaosema tutafute mtumba, sawa, lakini someni kibandiko. Mashine ya mtumba kutoka Japani ni ya volti 100. Ile ya Uingereza yenye plagi ya njano ni ya volti 110. Ukiichomeka kwenye umeme wetu itanguruma mara moja tu.

Kuna jambo la kuokoa fedha ambalo wauzaji hawalisemi. Meza ya ruta mnaweza kujitengenezea. Plaiwudi ya milimita 18, mbili zikiunganishwa kwa gundi, tundu katikati, ubao ulionyooka wa mwongozo na swichi ya meza ninayoisema, inatosha kabisa. Hivyo kama mfuko hautoshi, nunueni sehemu ya msumeno kwanza, ya ruta ije baadaye. Kinyume chake nakikataa. Msumeno chini ya meza ya kujitengenezea, mmeshasikia habari ya mpira wa baiskeli.

Upande wa marejesho nitoe mfano tu, bei mtaziona wenyewe sokoni. Tuseme mkopo ni shilingi 1,200,000 kwa miezi 12. Kila mwezi ni 100,000, bila riba. Kama faida ya kigoda kimoja ni shilingi 5,000, basi vigoda 20 vya kila mwezi ni vya mkopo kabla mtu hajanunua unga. Je, vigoda 20 zaidi vinauzika hapa mjini? Hilo si swali la fundi, ni swali la sokoni, na naomba kamati ilijibu kabla ya kwenda dukani. Fedha hizi ni za vitumbua na mchicha wa watu waliomo humu ndani. Na kwa sababu kubadilisha sahani kunakula muda, watumiaji wapange siku: siku ya kupasua, wote wanapasua, na siku ya kuchonga, wote wanachonga. La sivyo tutagombana kwa ajili ya bisibisi.

La mwisho ni sisi wenyewe. Kanga ifungwe vizuri au ivaliwe suruali, mtandio uingizwe ndani, bangili zivuliwe. Glavu zisivaliwe kwenye bledi wala biti, zinavuta mkono. Vipande vyembamba visukumwe kwa kijiti, si kwa kidole. Kwenye meza ya ruta ubao unatoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko wa biti. Ukiupeleka kinyume, utanyang'anywa. Na vumbi si uchafu tu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka rasmi vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani, hasa ya ndani ya pua. Anayefanya kazi na mvule anajua linavyowasha. Maski nzuri iingie kwenye bajeti ile ile ya mashine, na watoto wasichezee uani wakati wa kazi.

Nimewaletea meza moja ya kuazima, iko pale chini ya mwembe, haijachomekwa umeme. Mama Mwenyekiti akiruhusu, wajumbe wa kamati waje na rula na chaki tuupime mwongozo wake kabla ya chakula. Maswali nitayapokea pale pale.