VIJANA, DAINI MAJIBU YA MAJI YA KISIMA!

Ndugu zangu vijana wa Kibaha na Kisarawe,

Mtaani ukisema maji ya kisima fulani ni mabaya, utaulizwa: "Yana chumvi?" Basi! Chumvi ulimi unaijua. Lakini uchafu unaopenya kutoka choo cha jirani, kwenye udongo wetu wa kichanga, unaweza usiwe na ladha yoyote. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo yuko hatarini: damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Kwa hiyo maji yapimwe. Ila tazameni yanavyochotwa! Mtu akija na chupa ya soda, akakinga maji yaliyolala bombani, mrudisheni alikotoka. Pampu iendeshwe kwanza, maji mapya ya ardhini yatoke. Mdomo wa bomba la chuma uunguzwe kwa moto. Chupa iwe imeuliwa vijidudu, iandikwe kisima na saa, iwekwe kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Ikizurura juani ndani ya shangingi, majibu yake ni porojo.

Bakteria wa kinyesi, E. koli, akionekana hata mmoja katika mililita 100, maji hayo hayafai kunywewa hivihivi.

Sasa, karatasi ya majibu huishia kabati la nani? Sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, na vijijini kuna vyombo vya jamii vya kusimamia maji. Simameni mkutanoni muulize: kisima chetu kilipimwa lini? Na yule anayewauzia ndoo, aulizwe kabla hamjatoa hela.