Plasta Ikitolewa, Kazi Ndiyo Inaanza



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali. Lakini nimeona wengi hapa Katandala waliovunjika kwa mpira au pikipiki wakidhani plasta ngumu ikitolewa wamepona. Sivyo. Mfupa umeunga, lakini misuli imesinyaa na kiungo kimekakamaa. Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa fiziotherapia, kama wale wanaosomeshwa KCMC, Moshi.

Mtamjuaje aliye bora? Kwanza, huuliza mtu aliumiaje na hutazama picha ya eksirei kabla ya kumgusa. Pili, hupima kiungo kinakunjika kiasi gani, akaandika, ili baadaye alinganishe. Tatu, hufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani. Anayekanda kwa nguvu hata mtu alie, mwepukeni: kiwiko kilichoumia kikivutwavutwa, huweza kuota mfupa ndani ya misuli, kisikunjike tena. Na kwetu Ufipa, mkono usiokunjika haulimi.

Vijana, msione haya kumwuliza mtu amesomea wapi. Mwenye ujuzi hachukii swali hilo.