Amri Moja, Magrupu Mia: Nani Atajibu?

(Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana Singida Mjini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)



Nimepewa mada ya sheria ya mtandao. Naanza na wazo ambalo linazunguka sana huku kwetu. Wenzetu wanaojua kompyuta wanasema: kwa nini tuhangaike kutuma ujumbe grupu moja moja? Tutengeneze programu, unafungua lile dirisha jeusi, unaandika amri ya mstari mmoja, unabonyeza, ujumbe unafika magrupu yote kuanzia Iramba mpaka Manyoni. Wazo tamu. Lakini tulitazame vizuri kwanza.

Kazi hii si mpya. Kabla hata ya tovuti kulikuwa na Usenet, iliyobuniwa na wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani mwaka 1979. Unaandika hoja yako kwenye skrini ya maandishi matupu, kompyuta moja inaipa nyingine, mpaka inasambaa duniani. Programu mojawapo ya kutumia iliitwa Pnews, ya Larry Wall. Ilikuwa na tabia moja nzuri: kabla ya kutuma, inakukumbusha kwamba ujumbe unakwenda kwenye maelfu ya mashine na utawagharimu watu fedha, halafu inauliza, una uhakika kabisa? Ndiyo au hapana.

Aprili 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walitumia programu kumwaga tangazo la bahati nasibu ya Green Card kwenye magrupu zaidi ya 5,000. Tangazo lilelile, hata kwenye magrupu yasiyohusika kabisa. Watu walikasirika, majibu yakamiminika mpaka kompyuta za kampuni iliyowapa huduma zikazidiwa, na wakakatiwa huduma. Mwaka 1997 Canter alifutwa uwakili jimbo la Tennessee, na tangazo lile lilikuwa moja ya sababu. Programu haikuitwa popote kujieleza. Aliyeitwa ni mtu.

Sasa turudi nyumbani. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinasema ukichapisha taarifa huku unajua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma, faini si chini ya shilingi milioni 5, au jela si chini ya miaka 3, au vyote viwili. Msione ni mambo ya vitabuni. Aprili 2025, Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi hapa, alifikishwa Kisutu, na pamoja na shtaka la uhaini akasomewa mashtaka ya kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni.

Mtasema, sisi hatutumi uongo. Sawa. Lakini ukituma kwa mkono kwenye grupu moja, mtu akakwambia "kamanda, takwimu hii siyo," unafuta, unasahihisha. Ukituma kwa amri moja, dakika ileile ipo magrupu mia. Utasahihisha wapi uache wapi? Kutetea kwamba hukujua utatetea, ila utaitetea ukiwa umeshalala mahabusu.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni orodha. Programu haitumi hewani, inahitaji faili lenye namba za watu. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kila namba ina jina na sura. Faili hilo ni orodha ya wanachama wa upinzani wa mkoa mzima, limekaa kwenye kompyuta ya kijana mmoja. Kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuamuru upekuzi na kuchukua vifaa, bila kupitia kwa hakimu.

Mnamkumbuka Maxence Melo wa JamiiForums. Polisi walitaka taarifa za watumiaji wake, hakuzitoa. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Binadamu anaweza kukataa kutaja majina na akalipa gharama. Faili halikatai. Mama wa Mkalama aliyejiunga na grupu ili asikie habari za bei ya alizeti hakukuruhusu uibebe namba yake. Na kuanzia Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia jinsi taarifa za watu zinavyokusanywa.

Tufanyeje? Ujumbe uandikwe mmoja, usomwe na watu wawili, mmoja wao akague kila namba na kila tarehe. Kisha kila kata iwe na mtu wake wa kuutuma kwenye magrupu ambayo anafahamika. Tutachelewa nusu saa, haina shida. Mzee wa Sepuka atausoma kwa sababu umetoka kwa kijana anayemjua, na akiwa na swali atapata wa kumjibu. Na asiwepo mtu hata mmoja mwenye namba za wote.

Zana za siku hizi haziulizi kama una uhakika. Basi tuulizane sisi wenyewe, kabla ya kubonyeza.