Chujio la Sauti, Kutoka Mdomoni Hadi Kwenye Umeme

Msikilizaji wangu uliyeko Uyole, Tukuyu, Mafinga, Ipogolo na kote Nyanda za Juu Kusini, leo nakuomba tusaidiane kidogo. Toa sauti moja, usiipandishe wala usiishushe, useme "uuu" kwa kuivuta. Kisha, bila kukata pumzi, igeuze polepole iwe "iii". Rudia tena, na safari hii sikiliza kwa makini.

Koo halikubadilisha kitu. Uliofanya kazi ni mdomo, kwa midomo kufunguka na ulimi kusogea. Ndani ya kila sauti moja mna sauti nyingine nyingi zimejificha. Chukua mfano wa uzi wa ala: ukitetema mara 100 kwa sekunde, papo hapo unatetema pia mara 200, 300, 400 na kuendelea, ila hizo za juu ni hafifu. Uwazi wa mdomo wako huzipa nguvu baadhi na kuzizima nyingine. Hilo ndilo chujio la sauti, na historia yake ndiyo mada yetu ya leo.

Mwaka 1960 kijana mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, ambaye baadaye alikuja kuwa mtafiti mkubwa wa muziki wa Afrika, alifika kwa Wapangwa, huko Ludewa. Siku hizi Ludewa ni Mkoa wa Njombe, lakini hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Aliandika juu ya ala zao na ngoma zao. Utafiti wake katika kanda yetu na ng'ambo ya pili ya Ziwa Nyasa ulimvuta kwenye chombo ambacho wengi wangekipita bila kukitazama mara mbili: upinde wa mdomo. Kaskazini mwa Malawi huitwa mtyangala, na wapigaji wake ni wanawake.

Chombo chenyewe ni fimbo iliyopindwa na uzi mmoja. Mpigaji huiegemeza fimbo mdomoni na kuugusagusa uzi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili huubana uzi mahali fulani, akapata sauti ya pili ya msingi. Kwa hiyo uzi una sauti mbili tu, lakini anayesikiliza kwa karibu husikia wimbo mzima ukipita juu yake. Wimbo huo hautoki kooni, maana mpigaji haimbi. Anafungua na kufumba mdomo, anasogeza ulimi, na kila akifanya hivyo anachagua sauti moja kati ya zile zilizojificha. Uzi hutoa malighafi yote kwa pamoja, na mdomo huchambua. Kubik alionesha kwamba mpangilio wa sauti katika nyimbo za jamii kadhaa, wakiwemo Wagogo majirani wa Wahehe, unafuata sauti hizo za asili za uzi. Naiona hoja hiyo kuwa nzito sana. Maana yake ni kwamba kuna watu waliojenga taratibu zao za uimbaji juu ya usikivu ambao wengine waliufikia kwa mitambo.

Na ukienda Kongo na Uganda utaikuta likembe, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, yenye tundu kwenye sanduku lake. Mpigaji huliziba na kulizibua kwa kidole huku akipiga, na sauti inapepea: wau, wau. Kidole hicho hakipigi noti yoyote. Kazi yake ni kubadilisha rangi ya sauti tu.

Sasa tuje kwenye umeme. Mafundi redio wanaonisikiliza hapo Mwanjelwa wanajua: ukifungua redio ya zamani utakuta sahani nyembamba za chuma zinazoingiliana kadiri unavyozungusha kitufe cha kutafutia stesheni. Hiyo ni kapasita, na ikishirikiana na koili inachagua wimbi moja kati ya mawimbi yote yaliyojaa angani. Wazee waliokuwa wakiisaka Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye masafa mafupi, usiku wa mvua kule Rungwe, walikuwa wanaendesha chujio kwa vidole, tena kwa ustadi.

Mwaka 1964 Mmarekani Robert Moog, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alianza kutengeneza sintesaiza ya moduli, ala inayounda sauti kwa umeme. Kila kazi ilikuwa na kisanduku chake: kimoja kinazalisha mtetemo, kingine kinachuja, kingine kinapandisha na kushusha nguvu ya sauti, na vyote vinaunganishwa kwa nyaya za kuchomeka. Chujio lake lilipangwa kwa jozi za transista, jozi juu ya jozi kama ngazi, na kapasita katikati. Alipewa hataza yake mwaka 1969. Chujio hilo linapitisha sauti za chini na kukata za juu kwa ukali: kila masafa yanapoongezeka mara mbili kupita mpaka uliouweka, nguvu inashuka hadi kama sehemu moja kati ya 250. Ukirudisha sehemu ya sauti iliyotoka iingie tena ndani, sauti zilizo karibu na mpaka huo zinavimba, na ukizidisha chujio linaanza kupiga mluzi lenyewe. Zungusha kitufe polepole, na utasikia ile "uuu" ikigeuka kuwa "iii".

Wakati huohuo, California, Don Buchla, naye akiunda sintesaiza, alikuwa na swali jingine: mkono uguse nini? Moog aliweka vibao vya piano. Buchla hakuvitaka. Aliweka bamba za chuma zinazohisi kidole, kwa sababu aliamini kwamba vibao vya piano vinamrudisha mwanamuziki kwenye nyimbo alizokwisha kuzizoea. Mimi nasimama na Buchla. Vinanda vinavyoongoza kwaya zetu nyingi za Mbeya na Iringa vina mamia ya milio iliyoandaliwa kiwandani. Unabonyeza, unapata. Lakini mara nyingi mkono hauna namna ya kuingia ndani ya sauti yenyewe, na huo ni upungufu mkubwa kwa watu ambao mabibi zao waliichambua sauti kwa ulimi.

Ndiyo maana kazi ya Brian Bamanya wa Kampala inanigusa. Sintesaiza za moduli za dukani ni ghali mno, kwa hiyo alitafuta michoro ya sakiti mtandaoni, akanunua rezista, kapasita na transista, akajiundia mtambo wake mwenyewe na kuuita Afrorack. Mwaka 2022 alitoa albamu yenye jina hilohilo chini ya lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. Vipuri vya aina hiyo vipo kwa mafundi wetu pia, na chuma cha kuvichomea tunacho.

Kabla hatujaagana, nina ombi kwa walioko Ludewa, Makete, Kyela na kokote kwenye mzee anayepiga upinde wa mdomo. Mrekodi mwezi huu. Weka simu karibu na midomo yake, kiasi cha shibiri moja, kwa sababu ukiielekeza kwenye uzi utapata mlio wa uzi na utaukosa wimbo. Kaeni chumbani, mbali na upepo na mabati yanayonyeshewa. Mwache apige mpaka amalize mwenyewe, kisha mwombe ataje jina la chombo kwa lugha yake, aliyemfundisha, na mahali alipojifunzia, yote katika rekodi hiyohiyo.