Ganda la Kijani na Ubora wa Tunda: Machungwa ya Muheza

Sokoni chungwa huhukumiwa kwa ganda lake, na hukumu hiyo huyaonea machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, ambayo hubaki na ukijani hata yanapokuwa yameiva barabara. Ukijani huo hutokana na klorofili, yaani rangi inayouwezesha mmea kunasa mwanga wa jua, ambayo katika ganda la chungwa huvunjika vizuri usiku unapopoa hadi kukaribia nyuzijoto 13 za selsiasi, ndipo karotenoidi, zenye rangi ya njano na ya machungwa, hujitokeza. Tambarare zilizo chini ya Milima ya Usambara Mashariki hazipati baridi ya kiasi hicho, na kwa hiyo ganda la chungwa la huko hueleza joto la usiku tu. Gesi ya ethilini, inayotumiwa katika nchi kadhaa kuyageuza maganda yawe ya njano, haibadilishi jambo lolote ndani ya tunda, kwa kuwa chungwa, tofauti na embe na ndizi, haliivi kwa kuvumbikwa.

Kinachopasa kuulizwa ni namna tunda lilivyolelewa. Vitamini C, ambayo katika gramu 100 za nyama ya chungwa hufikia takribani miligramu 50, hutengenezwa na mmea kutokana na sukari, nayo sukari ni zao la usanisinuru, yaani kazi ya majani ya kuunganisha maji na hewa ya kaboni kwa nguvu ya mwanga. Ndiyo maana machungwa ya mti mmoja hayalingani: yanayopigwa na jua pembezoni mwa matawi kwa kawaida huwa na vitamini C nyingi kuliko yaliyofichwa kivulini, hivyo kupogoa mchungwa uliosongamana ni kazi ya lishe sawasawa na kazi ya mavuno. Mbolea nayo ina pande mbili, kwani naitrojeni ikizidi hupunguza vitamini hiyo, ilhali potasiamu ya kutosha huelekea kuiongeza. Na maji mengi karibu na mavuno hulikuza tunda huku yakiizimua juisi yake. Hapo ndipo penye dhuluma halisi, kwa kuwa soko linalolipia ukubwa humfundisha mkulima kuuza maji.

Utamu nao si shahidi wa kutegemewa. Usiku wa joto huharakisha upumuaji wa tunda, ambao huteketeza asidi ya sitriki, na chungwa la tambarare huonekana tamu kwa sababu ukali umepungua. Isitoshe, kadiri chungwa linavyokomaa mtini ndivyo sukari inavyopanda na kiwango cha vitamini C katika juisi kinavyoelekea kushuka. Refraktomita, kifaa kidogo kinachokadiria sukari katika tone la juisi, hakiwezi kuitambua vitamini hiyo, ilhali mmenyuko wake na iodini huwezesha kuipima hata katika maabara ya shule ya sekondari, tone kwa tone, mpaka rangi ya buluu ya wanga itokeze.